Hewa ya Darasani Nayo Ihesabiwe

Mtoto akiumwa tumbo, mama yake huuliza maji aliyokunywa yametoka kisima gani. Akikohoa wiki mbili, na nusu ya darasa wakakohoa pamoja naye, twasema ni mafua ya msimu, na shauri huishia hapo. Maji tumekwisha kuyafanya kuwa jambo la serikali, la kijiji na la kila nyumba. Yana kamati, yana bajeti, na yana mtu wa kuulizwa yasipotoka bombani. Hewa haina kamati. Na hali mtoto hunywa maji lita moja au mbili kwa siku, lakini hewa huivuta lita elfu nyingi, na sehemu kubwa ya saa zake za mchana huivuta akiwa ndani ya chumba kimoja pamoja na wenzake sitini, themanini, au zaidi.

Juu ya hewa hiyo twataka kusema leo, na twaisemea Chamwino kwa sababu mbili. Kwanza, hapa ndipo ilipo Ikulu ya nchi, iliyofunguliwa rasmi tarehe 20 Mei 2023, nayo macho ya taifa huelekea huku. Pili, uwanda huu wa kati una kitu ambacho wilaya nyingi za nchi hii zingekitamani, yaani upepo. Hoja yetu ni moja: tumejifunza kuhesabu madarasa tunayoyajenga, sasa yatupasa tujifunze kuhesabu hewa inayopita ndani yake. Kazi hiyo haingoji fedha za kigeni.

Tukumbushane kwanza yaliyopita. Tarehe 16 Machi 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, na siku iliyofuata ikaamriwa shule zifungwe. Wanafunzi wa kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, na wenzao tarehe 29 Juni mwaka ule ule. Tangu Mei 2020 takwimu za wagonjwa zilikoma kutangazwa, zisianze tena mpaka katikati ya mwaka 2021. Chanjo ilizinduliwa tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan akichanjwa mbele ya wananchi. Na tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura duniani imekwisha.

Katika muda huo wote, langoni mwa shule nyingi ziliwekwa ndoo za maji tiririka na sabuni. Ndoo ile hatuisemi vibaya, kwa maana inaokoa watoto na magonjwa ya kuhara, na ingefaa ibaki pale siku zote. Majumbani watu wengi walijifukiza kwa nyungu, jambo linaloonyesha kuwa hata asiyesoma aliona kwamba ugonjwa huu ni wa pumzi. Lakini dirisha halikupata hata nusu ya heshima iliyopewa ndoo. Mtoto alinawa mikono mlangoni, kisha akaingia katika chumba kilichofungwa, akakaa humo saa nzima akivuta pumzi za wenzake.

Haikuwa sisi peke yetu. Dunia nzima ilichelewa. Wataalamu wakubwa walishikilia kwamba virusi husafiri katika matone mazito ya mate, yanayoanguka chini kabla ya kufika mbali, na kwa hiyo watu wakikaa mbalimbali kidogo wamekwisha kujikinga. Julai 2020 wanasayansi 239 waliandika barua ya wazi wakisema kuwa virusi hivyo vyaelea pia hewani katika chembe ndogo sana. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaandika hivyo kwa maneno yaliyo wazi, na Aprili 2024 likatoa maelezo mapya juu ya magonjwa yasafirio kwa njia ya hewa. Leo jambo hilo halina ubishi tena.

Mwenye kutaka kulielewa na atazame moshi wa jikoni. Mama akiwasha kuni katika jiko lisilo na tundu, moshi hauanguki sakafuni, bali hupanda, huzunguka, hujaza chumba, na aliye pembeni kabisa huwashwa macho sawa na aliye karibu na mafiga. Pumzi ya mgonjwa yafanya vivyo hivyo, ila haionekani wala haiwashi. Akinyamaza hutoa chembe chache. Akisema hutoa nyingi. Akiimba au akipaza sauti hutoa nyingi zaidi. Tarehe 10 Machi 2020, katika bonde la Skagit nchini Marekani, watu 61 walikusanyika kufanya mazoezi ya kwaya. Baadaye 53 kati yao walionekana wameugua, na wawili wakafariki.

Mfano huo watugusa sisi wa huku. Ugogo ni nchi ya waimbaji, na darasa la kwanza na la pili hufundishwa kwa kuitikia kwa sauti moja, herufi kwa herufi na namba kwa namba. Ni njia nzuri ya kufundisha, wala hatupendi iachwe. Twasema tu kwamba chumba cha kuitikia kwa sauti kinahitaji hewa nyingi kuliko chumba cha kusoma kimya.

Wala korona siyo ugonjwa wa kwanza wa namna hii. Surua husafiri kwa hewa. Kifua kikuu husafiri kwa hewa, nacho hakijatoka kwetu: katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya miaka 2021 hadi 2025, Tanzania ilitajwa miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa kupita nyingine. Katika miaka ya 1950 Richard Riley na wenzake mjini Baltimore walichukua hewa iliyotoka katika wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu wakaipitisha katika vizimba vya simbilisi. Wanyama wale hawakumgusa mgonjwa hata mmoja, wala mgonjwa hakuwakoholea. Waliivuta hewa ile tu, wakaambukizwa. Ushahidi basi ulikuwapo tangu zamani, na korona imekuja kutukumbusha kwa gharama kubwa.

Sasa twauliza: je, dawa ya hewa mbovu ni nini? Dawa ni hewa nyingine. Chembe za ugonjwa zikichanganyika na hewa nyingi ya nje huwa chache katika kila pumzi, na hewa ikitoka nje huzichukua pamoja nayo. Mwaka 2007 ilichapishwa kazi ya wataalamu waliopima vyumba vya hospitali nane mjini Lima, Peru. Walipofungua madirisha na milango, hewa ya chumba ilibadilika yote, kwa kadiri ya kati, mara 28 kwa saa. Ilikuwa mara 18 ya hali ya madirisha yaliyofungwa, na zaidi ya maradufu ya vyumba vilivyotegemea mashine. Tena waliona jambo moja la kufikirisha: majengo ya zamani, yenye madirisha makubwa na dari za juu, yalipitisha hewa mara 40 kwa saa, na majengo mapya mara 17 tu. Wazee waliojenga kabla ya dawa za kifua kikuu hawakuwa na kitu kingine cha kujikingia isipokuwa dirisha, basi wakaliheshimu.

Kwa upande wa shule, wakaguzi wa afya wa Marekani walitazama shule za msingi 169 katika jimbo la Georgia mwishoni mwa mwaka 2020. Shule zilizoongeza hewa kwa kufungua madirisha na milango au kwa kutumia feni zilikuwa na wagonjwa wa korona pungufu kwa asilimia 35 kuliko zisizofanya lolote. Zilizoongeza na vichujio vya hewa zilikuwa na pungufu ya asilimia 48. Uchunguzi wa namna hii hauthibitishi kila kitu, kwa kuwa shule hutofautiana kwa mengi, lakini unaelekea upande ule ule wa uchunguzi mwingine. Katika chuo kikuu kimoja mjini Taipei kulizuka kifua kikuu, na hewa ya madarasa ilipopimwa ikaonekana imejaa hewa ya ukaa itokayo vifuani mwa watu, kiasi cha sehemu 3,200 katika milioni. Wakarekebisha njia za hewa hata kipimo kikashuka karibu na 600. Hesabu ya wataalamu ilionyesha kwamba marekebisho hayo yalihusiana na kupungua kwa ugonjwa kwa asilimia 97 miongoni mwa waliokaa karibu na wagonjwa.

Kipimo hicho cha hewa ya ukaa chafaa kujulikana na kila mwalimu. Nje, hewa hiyo ni sehemu kama 420 katika milioni. Ile itokayo mdomoni mwa mtu ni kama 40,000. Basi darasa likifika 2,400, maana yake ni kwamba katika kila pumzi ishirini avutazo mtoto, moja imekwisha kutoka katika mapafu ya mtu mwingine. Hakuna mzazi angekubali mwanawe anywe kikombe kimoja katika ishirini cha maji yaliyotoka kinywani mwa mwenziwe. Ya hewa tunayakubali kwa kuwa hatuyaoni.

Turudi sasa Chamwino. Wagogo walijenga tembe, nyumba fupi yenye paa la udongo na matundu madogo, kwa sababu za haki kabisa: jua kali la mchana, baridi ya usiku, na usalama wa mifugo. Ilikuwa nyumba ya kulala jamaa mmoja, wala haikukusudiwa kuwaweka watoto themanini kwa saa sita. Walipohitaji kukutana wengi, wazee walikwenda chini ya mti. Baraza lilikuwa chini ya mti, ngoma ilikuwa uwanjani, na shule nyingi zilianza chini ya mbuyu au mkwaju. Tuliionea haya shule ya chini ya mti, na tulikuwa na sababu, maana mvua ikinyesha masomo hukatika na jua likizunguka ubao hauonekani. Lakini kwa habari ya hewa, mtoto aliyesomea chini ya mti alikuwa amekaa katika darasa safi kuliko yote. Tulipomtoa pale kumwingiza ndani ya kuta, tulimpa kivuli na ukavu. Ilitupasa kuhakikisha kwamba hatumnyang'anyi hewa.

Na kuta zetu daima zimekimbizana na idadi ya watoto. Mwaka 1977 ulikuwa mwaka wa elimu ya msingi kwa wote, na watoto wakamiminika. Mwaka 2002, baada ya ada kufutwa, wakamiminika tena. Mwaka 2016, elimu bila malipo ilipoanza, ikawa hivyo hivyo. Kila mara taifa lilifanya jambo la haki, na kila mara benchi lililokuwa la watoto wawili likabeba wanne. Kipimo cha serikali ni wanafunzi 45 katika darasa la shule ya msingi na 40 katika sekondari. Kila mwalimu wa kijijini ajua jinsi kipimo hicho kilivyo mbali na hali ya shule nyingi.

Kisha likatokea jambo ambalo wengi wamelisahau chanzo chake. Oktoba 2021 ulizinduliwa hapa Dodoma mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19, kwa mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Katika fedha hizo yalijengwa madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, kila moja likitengewa shilingi milioni 20. Ni kazi kubwa, iliyofanywa kwa muda mfupi, nayo imepunguza msongamano. Kupunguza msongamano ni kinga ya kweli. Lakini fedha zile zilikuja kwa jina la ugonjwa uenezwao kwa hewa, na swali ambalo kila mkaguzi wa jengo alipaswa kuulizwa siku ya makabidhiano ni hili: hewa inapita kiasi gani? Tuliripoti vyumba, viti na meza. Hewa haikuwa na safu yake katika ripoti zilizotufikia wananchi.

Hebu tufanye hesabu, maana hesabu hii yaweza kufanywa na mwanafunzi yeyote wa sekondari. Tuchukue chumba cha mita 9 kwa 7, chenye kimo cha mita 3. Ujazo wake ni mita 189 za ujazo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 wataka kila mtu apate lita 10 za hewa safi kwa kila sekunde. Watoto 45 na mwalimu wao wahitaji lita 460 kwa sekunde, yaani hewa ya chumba kizima ibadilike kama mara tisa kwa saa. Wakiwa 90 na mwalimu wao, ni mara 17. Basi kila mtoto anayeongezwa darasani huja na deni la hewa.

Je, deni hilo laweza kulipwa? Mwongozo ule ule una kanuni ya kukadiria upepo upitao katika madirisha. Tuseme upepo ni mwanana tu, wa mita moja kwa sekunde, na nafasi iliyo wazi ni mita mbili za mraba kila upande. Kama madirisha ya kuta mbili zinazoelekeana yamefunguliwa, hewa huingia huku ikatokea kule, na kiasi chake ni lita 1,300 kwa sekunde, ambazo zatosha watu 130. Sasa ufunge upande mmoja, ubaki na nafasi ile ile upande mwingine. Kiasi hushuka hadi lita 100 kwa sekunde, yaani watu kumi. Upepo ni ule ule na ukuta ni ule ule, nao hauchukui senti moja. Lakini watu 120 wamekosa hewa kwa sababu ya komeo la upande mmoja.

Hilo ndilo jambo ambalo twaomba kila msomaji alitie moyoni. Kufungua dirisha ni vizuri, lakini kufungua pande zote mbili ndiko kunakookoa. Upepo usio na mahali pa kutokea hauingii, kama vile maji yasivyoingia katika chupa iliyojaa.

Twajua majibu yatakayotolewa, na mengine yana haki ndani yake. La kwanza ni baridi. Asubuhi za Juni na Julai katika uwanda huu ni za baridi, na watoto wengi hawana sweta. Mwalimu afungaye madirisha asubuhi hiyo anawahurumia watoto, wala hastahili kulaumiwa. Lakini pana njia ya kati: madirisha yafunguliwe kidogo pande zote mbili, hasa sehemu za juu, ili upepo upite juu ya vichwa, na kila kipindi kinapokwisha, yafunguliwe yote kwa dakika chache. Jua likipanda yaachwe wazi.

La pili ni vumbi. Vumbi la Dodoma lajulikana, na mapafu hayalipendi. Lakini vumbi la shuleni aghalabu huanzia uwanjani pa shule penyewe, palipofyekwa hata pakawa kama sakafu. Safu ya miarobaini upande upepo utokako, majani yaliyoachwa yaote, na uwanja unyunyizwe kabla ya kufagiwa, hayo hupunguza vumbi bila kufunga dirisha. Kadhalika jiko la uji na shimo la kuchomea taka viwekwe upande upepo uendako, ili moshi usirudi madarasani.

La tatu ni wezi, na hapa kosa ni la mipango. Shule ikikosa vyuma vya madirisha, mwalimu mkuu ataziba dirisha kwa tofali au kwa bati ili ayaokoe madawati na vitabu. Hawezi kuambiwa achague kati ya mali ya umma na mapafu ya watoto; apewe vyuma. Na mafundi wakumbuke kwamba dirisha la kusukuma pembeni, lililoenea sana siku hizi, hufunguka nusu tu ya ukubwa wake. Lapendeza machoni, lakini anayelinunua amelipia dirisha zima akapata nusu ya hewa. Matundu ya hewa juu ya linta, pande zote mbili, ambayo mafundi wa zamani hawakuyasahau, hayafungwi na mtu, hayaibwi, wala hayangoji amri ya mwalimu.

Kuna na wale watakaosema kwamba tungoje mashine. Mashine za kuchuja hewa zipo, nazo zafanya kazi. Mwaka 2020 Wamarekani wawili, Richard Corsi na Jim Rosenthal, walibuni kichujio cha bei nafuu: feni moja, vichujio vinne au vitano, na utepe wa kuviunganisha. Zipo pia taa za mionzi ya urujuanimno, zinazofungwa juu ukutani kuua vijidudu vielavyo karibu na dari. William Wells na wenzake walizijaribu katika shule za eneo la Philadelphia tangu mwaka 1937, na katika mlipuko wa surua wa 1941 madarasa yenye taa yaliona wagonjwa wachache. Vitu hivi vina mahali pake: chumba kisicho na dirisha la pili, chumba cha kompyuta, zahanati, wodi. Lakini vyataka umeme, vipuri na mtu wa kuvitunza. Shule ya kijijini yenye upepo mlangoni isiambiwe kungoja kichujio kitoke ng'ambo.

Hapa twataka kuwageukia wafanyakazi, maana wasidhani kwamba tunasema ya watoto tu. Mwalimu ni mfanyakazi, na darasa ni mahali pake pa kazi. Yeye hukaa na darasa moja hadi lingine, akivuta hewa ya yote. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri alinde afya ya anayemwajiri, na sheria hiyo haikumwacha nje mshika chaki. Wenzetu walio katika ofisi mpya za Mtumba nao wajue kwamba kiyoyozi cha ukutani, kama zilivyo nyingi, hupoza hewa ile ile ya chumbani na kuizungusha, bila kuleta mpya. Chumba chaweza kuwa cha ubaridi na kikawa kichafu. Vyama vya wafanyakazi vinapokaa na waajiri kuzungumza mishahara, vizungumze na madirisha.

Kwa nini twasema haya sasa? Kwa sababu kuna tarehe inayokuja. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi inatoka miaka saba kuwa sita. Watoto walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu Januari 2024 wanamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao waliowatangulia wanamaliza darasa la saba. Basi Januari 2028 makundi mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa pamoja. Madarasa mengi hayana budi kujengwa kabla ya siku hiyo, mabweni pia, na bweni ni jambo zito zaidi, maana mtoto hulala humo saa nane mlango na dirisha vimefungwa. Yatakayojengwa sasa yatasimama miaka hamsini. Dirisha likisahauliwa katika mchoro leo, wajukuu watakohoa kwa ajili yake.

Twataka nini basi? Kwa halmashauri na wahandisi wake: kila darasa na kila bweni jipya lielekezwe kwa kufuata upepo na jua, liwe na madirisha katika kuta mbili zinazoelekeana na matundu ya hewa juu, na hati ya makabidhiano isitiwe saini mpaka nafasi ya wazi imepimwa na kuandikwa kwa mita za mraba. Kwa wadhibiti ubora wa shule: mkihesabu vyoo, hesabuni na madirisha yanayofunguka. Kipimo cha hewa ya ukaa ni chombo kidogo cha kushika mkononi, na kimoja kikizungushwa wilaya nzima kwa zamu chatosha kuonyesha ni vyumba vipi vyenye shida. Kwa kamati za shule: bomoeni tofali lililoziba dirisha, pandeni miti, wekeni vyuma. Kwa walimu: masomo ya kuimba na kuitikia kwa sauti, miezi ya kiangazi, yatoke nje chini ya mti, na darasani pawe na mwanafunzi wa zamu ya madirisha, kama alivyo wa zamu ya ubao.

Yuko atakayesema kwamba watu wetu hawawezi kuhamasishwa kwa kitu kisichoonekana. Historia yetu yakataa. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kuzunguka redio, vijijini na mijini, wakajifunza juu ya malaria, kichocho, kuhara na kifua kikuu. Kisha wakainuka, wakachimba vyoo, wakafyeka majani, wakafukia madimbwi. Vijidudu vile hawakuviona kwa macho. Walielezwa kwa lugha yao, wakaamini, wakatenda. Na kijiji hiki cha Chamwino ndicho ambako Mwalimu Nyerere alikaa na wanakijiji wakati wa Operesheni Dodoma ya mwaka 1971. Mahali palipowahi kufundisha nchi namna ya kujenga pamoja hapawezi kushindwa kuifundisha namna ya kufungua dirisha.

Korona ilitutoza watu, ikatutoza na miezi ya masomo. Ugonjwa mwingine wa hewa utakuja; hakuna ajuaye mwaka wake wala jina lake. Utakapokuja utaingia kwanza katika vyumba tulivyosongamana, na humo wamo watoto. Tusingoje siku hiyo ndipo tuanze kutafuta funguo za makomeo. Kila mwanachama aliye na mtoto shuleni na aende wiki hii, asimame mlangoni pa darasa, atazame kuta mbili, ahesabu madirisha yaliyo wazi. Yakiwa ya upande mmoja tu, na aulize kwa nini, kwa adabu, wala asiondoke mpaka amepata jibu na tarehe ya kutengenezwa kwake.